Saratani ya tezi dume: mwanaume asingoje maumivu

Mji wa Katoro, ulioko magharibi ya Geita katika barabara iendayo Chato, umejengwa kwa jasho la wanaume waliotoka mbali. Dhahabu ya Nyarugusu na ya machimbo mengine madogo madogo, mpunga, mahindi, ng'ombe wa Wasukuma na samaki wa Ziwa Victoria, vyote hupitia sokoni hapo, na pamoja navyo hupita watu wa Shinyanga, Mwanza, Kagera, Kigoma na hata wa nchi jirani. Wengi wao walifika wakiwa vijana wenye nguvu ya kushuka katika duara na kupandisha mawe kwa kamba, miaka mingi kabla Mkoa wa Geita haujaundwa mwaka 2012. Leo vijana hao wana mvi. Wamejenga nyumba, wamesomesha watoto, baadhi yao wana makarasha na maduka, na wamekwisha kuingia katika umri ambao tezi dume huanza kumsumbua mwanaume.

Ni jambo la kushangaza kwamba wanaume hawa, ambao huzungumza hadharani juu ya bei ya dhahabu, madeni, mashauri ya ndoa na hata mambo ya ushirikina, hawana neno moja la kusema juu ya haja ndogo. Mzee anayeamka mara nne au tano usiku humwambia mkewe kwamba ni baridi, au ni maji aliyokunywa jioni. Anaposimama chooni muda mrefu akingoja mkojo uanze, hujisemea kuwa uzee umefika. Hali hiyo huendelea mwaka, miaka miwili, hata mitatu, mpaka siku ambayo mkojo hufunga kabisa na mzee hupelekwa kituo cha afya usiku, juu ya pikipiki, akilia kama mtoto. Hapo huwekewa mpira wa kutolea mkojo, na kwa mara ya kwanza jina la tezi dume hutajwa nyumbani mwake.

Tezi dume ni kiungo kidogo kisichozidi sana ukubwa wa ndimu ndogo. Kila mwanaume huzaliwa nayo. Imekaa chini ya kibofu na kuuzunguka mrija wa mkojo mahali unapotokea kibofuni, na kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za uzazi. Kwa kuwa imeuzunguka mrija, ikikua huubana, kama vile mtu anavyoukanyaga mpira wa kumwagilia bustani. Kukua huko peke yake si saratani. Wanaume wengi waliovuka miaka hamsini tezi zao huongezeka ukubwa bila kansa yoyote, na tiba yake ipo, ya vidonge au ya upasuaji. Mganga anayemwambia kila mzee mwenye shida ya mkojo kwamba ana saratani anamtisha bure.

Lakini upande wa pili wa jambo hili ndio wenye hatari zaidi, nao haujulikani hata kwa watu wengi waliosoma. Saratani ya tezi dume, kwa kawaida, huanzia sehemu ya nje ya tezi, mbali na mrija wa mkojo. Kwa hiyo katika miaka yake ya mwanzo haibani kitu, haiumi, wala haizuii mkojo. Mwenye nayo hulima, hushuka shimoni, hufundisha darasani na kulala usingizi wake wote. Dalili zinapotokea, mara nyingi ugonjwa umekwisha kutoka katika tezi na kuingia mifupani, hasa ya kiuno na uti wa mgongo. Ndipo mzee huanza kulalamika mgongo, na watu wa nyumbani humchua kwa mafuta, wakidhani ni uchovu wa kazi. Wengine hupooza miguu kwa sababu uti wa mgongo umebanwa. Anayesubiri maumivu ndipo aende kupima, basi, amesubiri kitu ambacho huja mwisho.

Katika eneo hili la Geita na Shinyanga kuna mambo mawili yanayozidi kuwapoteza watu. La kwanza ni kichocho. Tangu zamani wakazi wa kando ya mabwawa na mashamba ya mpunga wa Usukumani wameugua kichocho cha mkojo, na damu kuonekana katika mkojo wa mvulana limekuwa jambo lililozoeleka. Mazoea hayo humfuata mtu mpaka uzeeni. Mwanaume wa miaka sitini akiona damu husema ni kichocho chake cha utotoni kimerudi, akameza dawa na kunyamaza. Kumbe damu katika mkojo wa mtu mzima yaweza kutoka katika kibofu chenye saratani, ambayo kichocho chenyewe na uvutaji wa sigara huichochea, au katika tezi dume. Kwa vyovyote vile si jambo la kumalizwa na dawa ya dukani.

La pili ni sifa ya miji ya machimbo. Kila mtu anajua maisha ya ujanani katika machimbo yalivyokuwa, na kwamba kisonono kiliwapata wengi. Kisonono kisichotibiwa vizuri huweza kuacha kovu katika mrija na kuzuia mkojo. Basi mzee mwenye shida ya mkojo hudhani kwamba dhambi za zamani zimemrudia, na huona haya kwenda kwa daktari ambaye pengine ni kijana wa umri wa mwanawe, au ni binti. Haya hiyo haina msingi. Saratani ya tezi dume haiambukizwi wala haitokani na uzinzi. Humpata mcha Mungu kama inavyompata mlevi.

Yanayojulikana kuongeza hatari ni machache, nayo yanaeleweka kwa urahisi. Umri ndio wa kwanza: ugonjwa huu ni nadra kabla ya miaka arobaini na huongezeka sana baada ya hamsini. Asili ni la pili: wanaume wenye asili ya Afrika, wawe wanaishi Afrika, Karibi, Marekani au Uingereza, wameonekana kuupata zaidi na kufa nao zaidi kuliko wengine. La tatu ni damu ya ukoo. Ambaye baba yake au ndugu yake wa kuzaliwa naye aliugua, hatari yake ni takriban mara mbili ya mwingine. Na hata saratani ya matiti kwa mama au dada yaweza kuwa ishara ya urithi huo huo. Hapa ndipo usiri wa wazee unapoleta madhara makubwa. Watoto huambiwa kwamba baba alikufa kwa mgongo, au kwa kufungwa mkojo, au kwa kurogwa. Hakuna anayewaambia jina la ugonjwa, na hivyo wana wanne wa mzee mmoja hukua bila kujua kwamba nao wanapaswa kupima mapema.

Duniani kote, kwa mwaka 2022, wanaume wapatao milioni moja na nusu waligunduliwa kuwa na saratani hii na karibu laki nne walifariki. Katika Tanzania ndiyo saratani inayoongoza kwa wanaume. Kamati ya wataalamu wa jarida la uganga la Lancet ilikadiria mwaka 2024 kwamba wagonjwa wapya wataongezeka maradufu ifikapo mwaka 2040, kwa sababu watu wanaishi zaidi kuliko zamani, na ongezeko kubwa litakuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Maendeleo ya kuishi miaka mingi yana gharama yake, na nchi inayojivunia wazee wake haina budi kujiandaa kuwatunza.

Si kwamba Watanzania hawakuwahi kuambiwa. Tarehe 8 Novemba 2014, Rais wa awamu ya nne, Ndugu Jakaya Kikwete, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani. Ikulu ilitangaza habari hiyo, na aliporejea Dar es Salaam mwishoni mwa mwezi ule alieleza kwa kinywa chake kwamba ilikuwa saratani, kwamba iligunduliwa ikiwa katika hatua za mwanzo, na akawahimiza wanaume kwenda kupima. Aliendelea na kazi mpaka alipokabidhi madaraka Novemba 2015. Miaka mitatu kabla yake, ng'ambo ya pili ya Ziwa Victoria, Profesa Anyang' Nyong'o, aliyekuwa Waziri wa Huduma za Tiba wa Kenya, naye ilitangazwa mwaka 2011 kuwa ana saratani hiyo hiyo. Alitibiwa, akarudi kazini, na mwaka 2017 akachaguliwa kuwa gavana wa Kisumu.

Upande wa pili yupo Mobutu Sese Seko wa Zaire. Alipasuliwa huko Lausanne, Uswisi, mwezi Agosti 1996, ugonjwa ukiwa umekwisha kumzidi, na akafariki Rabat, Morocco, Septemba 1997, miezi michache baada ya kupoteza nchi. Fedha alikuwa nazo kuliko wanaume wote wa Katoro wakiwekwa pamoja, lakini fedha hazirudishi nyuma hatua ya ugonjwa.

Msomaji aweza kusema kwamba mifano hii ni ya wakubwa, na kwamba mchimbaji hana ndege ya kwenda Baltimore. Ni kweli, na si haki kulipuuza jambo hilo. Hata hivyo kipimo cha kwanza hakihitaji ndege. Ni damu kidogo inayochukuliwa mkononi na kupimwa kiasi cha kitu kiitwacho PSA, ambacho tezi dume hukitengeneza. Kikizidi, daktari huchunguza zaidi. Kipimo cha pili ni kidole cha daktari kilichovikwa glovu, kinachopitishwa njia ya haja kubwa ili kuipapasa tezi kama ni laini au ina ugumu. Kazi hiyo huchukua chini ya dakika moja.

Kipimo hiki cha pili ndicho kimekuwa kichekesho cha vijiwe vyote vya nchi hii. Wanaume wazima, baadhi yao wenye shahada, husimulia mizaha juu yake mpaka machozi ya kicheko yawatoke, kisha huapa kwamba wao kamwe hawatakubali. Wake zao wamechunguzwa mara ngapi na waganga wa kiume na wa kike, katika kila ujauzito na kila uzazi, wala hakuna aliyeapa. Ni vigumu kuelewa ni heshima gani hiyo ya mwanaume inayovunjwa na dakika moja ya daktari lakini haivunjwi na mpira wa mkojo unaoning'inia mguuni kwa mwaka mzima mbele ya wajukuu.

Yafaa pia kusema ukweli juu ya mipaka ya vipimo hivi. PSA hupanda kwa sababu nyingi: tezi iliyokua bila saratani, maambukizo ya njia ya mkojo, hata kuwekewa mpira. Namba kubwa haimaanishi hukumu ya kifo, na namba ndogo haimwondolei mtu kila shaka. Jibu la hakika hupatikana kwa kuchukua vipande vidogo vya tezi kwa sindano na kuvitazama katika hadubini. Aidha, zipo saratani za tezi dume zinazokua polepole mno, ambazo mwenye nazo angeishi na kufa kwa uzee bila kudhurika, na kuzitibu zote kwa nguvu kumewaachia wanaume wengi wa nchi tajiri madhara ya bure. Kwa sababu hiyo wataalamu wa Ulaya na Marekani wamebishana kwa miaka mingi kama inafaa kumpima kila mwanaume. Uchunguzi mkubwa wa Ulaya ulioanza katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba upimaji wa damu hupunguza vifo kwa takriban sehemu moja ya tano, lakini kwa gharama hiyo ya kuwatibu wengine wasiohitaji.

Mabishano hayo ni ya nchi ambazo zinapima kupita kiasi. Tatizo la Katoro ni kinyume chake. Madaktari wa Bugando na Muhimbili wamekwisha kuandika mara kwa mara kwamba wagonjwa wengi huwafikia wakiwa wamechelewa. Hivyo mwanaume aliyefikisha miaka hamsini, au arobaini na mitano kama ana ndugu aliyeugua, ana sababu ya kutosha ya kumwendea daktari na kuzungumza naye juu ya kupima.

Lawama haistahili kuwaendea wazee peke yao. Mara kwa mara huandaliwa siku ya kupima afya: hema husimamishwa uwanjani, muziki hupigwa, mgeni rasmi hutoa hotuba, damu za mamia ya watu huchukuliwa, na jioni hema hukunjwa. Mwanaume aliyeambiwa kwamba kipimo chake kimepanda hubaki na karatasi mkononi, asijue aende wapi, kwa nani, wala kwa fedha gani. Kupima bila kumpokea mgonjwa baada ya kipimo ni kazi nusu, na pengine ni afadhali isianzwe. Kwa upande mwingine, vituo vya afya vimepangwa vizuri kwa ajili ya mama na mtoto, na ndivyo inavyostahili; lakini mwanaume hana siku yake wala mlango wake, na huonekana huko anapobebwa tu.

Katika pengo hilo huingia wauza dawa. Sokoni na katika stendi za mabasi, kwa vipaza sauti, hutangazwa dawa za kuyeyusha tezi dume kwa siku saba. Dawa za asili si za kubezwa. Gome la mti wa milimani uitwao kwa Kilatini Prunus africana, unaoota Afrika Mashariki, limenunuliwa na viwanda vya Ulaya kwa miongo mingi kwa kutuliza shida za mkojo za tezi iliyokua, hata biashara ya mti huo ikawekewa udhibiti wa kimataifa mwaka 1995. Lakini kutuliza mkojo si kuponya saratani. Mwenye saratani akipata nafuu ya mkojo kwa miezi sita, hiyo ni miezi sita ambayo ugonjwa umepewa kusafiri kuelekea mifupani.

Tiba yenyewe hutegemea hatua ya ugonjwa. Saratani ambayo bado imo ndani ya tezi huweza kuondolewa kwa upasuaji au kwa mionzi, au kufuatiliwa tu kama ni ile ya polepole. Katika nchi zenye huduma kamili, karibu wote waliogunduliwa katika hatua hiyo huwa hai baada ya miaka mitano. Kwa wale ambao ugonjwa umesambaa mbali, hubaki takriban mmoja kati ya watatu. Ikiwa imesambaa, hutumika njia iliyotokana na kazi ya Charles Huggins, daktari wa Chicago aliyeonyesha mwaka 1941 kwamba saratani hii hulishwa na homoni ya kiume, na aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1966. Homoni hukatwa kwa sindano au vidonge, ambavyo ni ghali, au kwa kuondoa korodani, ambayo ndiyo njia rahisi kwa asiye na fedha. Wanaume wanaokataa kupima kwa kuogopa kupoteza uanaume wao hawajaambiwa kwamba aliyechelewa ndiye hasa anayefikishwa kwenye uamuzi huo. Ni kweli kwamba hata upasuaji wa mapema waweza kudhuru nguvu za kiume na uwezo wa kuzuia mkojo, na daktari mwaminifu humweleza mgonjwa hayo kabla. Lakini anayefika mapema hupewa nafasi ya kuchagua.

Safari ya matibabu nayo si ndogo. Kutoka Katoro mgonjwa hutazamia hospitali ya rufaa ya mkoa Geita, au hospitali ya kanda Chato, na kwa mionzi Bugando, Mwanza. Daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa adha ya kungoja kivuko, wala hilo si jambo dogo kwa mtu mwenye mpira wa mkojo ndani ya basi. Lakini nauli, chakula cha anayemuuguza na malazi ya wiki kadhaa za mionzi bado humaliza ng'ombe wa mzee mmoja baada ya mwingine. Anayegunduliwa mapema huuza ng'ombe wachache zaidi.

Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio, kijiji kwa kijiji, wakasoma vitabu vidogo, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Mambo yaliyozungumzwa yalikuwa ya aibu vilevile, maana hakuna mzee aliyefurahia kujadili choo chake mbele ya wakwe. Waliowezesha jambo hilo walikuwa walimu, watumishi wa serikali na viongozi wa vijiji, waliokaa na watu jioni baada ya kazi na kuongoza mazungumzo. Hakuna sababu ya kudhani kwamba mwenye duara wa Nyarugusu hawezi kusimamisha kazi kwa saa moja ili tabibu aseme na wachimbaji, au kwamba kikao cha wazazi shuleni hakiwezi kuwatengea akina baba nusu saa.

Lakini watumishi wenyewe wana la kutazama kwanza. Mwalimu wa miaka hamsini na minne anayefundisha Katoro ana mshahara wa kila mwezi na kadi ya Bima ya Afya mfukoni, vitu ambavyo mchimbaji jirani yake hana. Hutumia kadi hiyo kwa malaria ya watoto na miwani ya mkewe. Amebakiza miaka sita kufikia kustaafu kwa lazima, na tayari ameanza kujenga nyumba ya uzeeni. Likizo ya Juni inatosha kwenda Geita, kumwona daktari, kutoa damu na kurudi na jibu. Na akirudi, wazee wa mtaa watamwuliza alikwenda kufanya nini, naye atakuwa na cha kuwaeleza.